Visu vya Watu

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika. Mgongo haufai. Mwenye nyumba alinipokea mlangoni, mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akasema pole, dada, akanipa ufunguo, akageuka upesi. Labda alikuwa analia. Labda alikuwa na sufuria motoni.

Kwa hiyo hiki ndicho chumba. Ngazi nyembamba mpaka unapanda kwa ubavu, mlango mfupi, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Ukuta wenyewe uko karibu kiasi kwamba ningeweza kuupiga kofi. Miaka yote hiyo nilipomwuliza mume wangu kwako kukoje, alinijibu, "Kawaida tu." Hakudanganya. Kikombe kimoja, sufuria moja, misumari miwili ya kutundikia nguo.

Kitanda. Godoro limebonyea upande wa ukutani. Nyumbani alilala ukutani ili mimi ninayeamka alfajiri kwenda kupika nisilazimike kumruka. Huku alikuwa peke yake, kitanda chote chake, na bado alilala ukutani. Nimekaa upande wangu kwa muda. Sikulia. Nilivua viatu tu.

Baiskeli iko chini ya ngazi, imefunikwa gunia. Nilikuwa naijua kwa picha. Ni nzito! Jiwe la kunolea limefungwa kwenye fremu, mbele ya tandiko, na mkanda unalivuta kutoka gurudumu la nyuma. Ukiiinua juu ya stendi na kukanyaga pedali haiendi popote, jiwe ndilo linalozunguka. Ukiutoa mkanda, inakuwa baiskeli kama baiskeli nyingine. Aliwahi kuniambia kuwa ana gari na karakana, na vyote vinaenea chini ya ngazi. Nilidhani ni utani wake.

Jioni amekuja mwanamume mfupi, vidole vyeusi, ana funguo tele shingoni kama shanga. Fundi Kufuli. Kibanda chake kiko kwenye kiwanja kidogo katikati ya mji, pale pale mwenzangu alipokuwa akinoa. Ndiye aliyekuwa naye siku ile. Ameniita shemeji kana kwamba tumejuana tangu zamani. Alisema mwenzangu alikaa kwenye ngazi kupumzika, akaomba maji, na maji yalipofika alikuwa ameshakwenda. Aliyasema hayo huku anaangalia funguo zake. Sikumwuliza zaidi. Mwili waliuleta nyumbani, tukauzika. Mimi huku sikuwahi kufika.

Kisha akafungua sanduku la mbao lililo nyuma ya baiskeli. Visu. Mikasi. Vya watu! Vimekaa humo tangu siku ile, yeye hakugusa, na wenyewe wameona haya kuja kuviulizia msibani. Kila kimoja kina kitambaa chake. Chekundu ni njia ya wauza nyama, bluu ni njia ya mafundi cherehani, kijani ni sokoni, cheupe ni vya majumbani. Ukifika kwenye njia yenyewe, kila mtu anakijua chake.

Mimi nimekuja kuchukua nguo zake na baiskeli. Mdogo wake atanifuata Jumapili na pikapu. Jumatatu ijayo chumba kina mpangaji mwingine. Lakini siondoki na visu vya watu. Mwenzangu hakuwahi kulala na kitu cha mtu. Siku ya harusi yetu tulimsubiri wee, kumbe amekwenda kurudisha nyundo ya jirani.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimetandaza kila kitu kitandani. Vitambaa vingine vimefungwa mpinini, vingine vimeviringishwa kwenye makali, ovyo ovyo. Nimeshangaa kidogo. Hakuwa mtu wa ovyo. Nimevifungua vyote, nikaviviringisha upya, vyote kwenye makali, nikakaza fundo. Ndivyo tunavyobeba visu jikoni kwetu shuleni. Makali wazi nyuma ya baiskeli, kwenye vichochoro hivi, ni kutafuta balaa. Nilipomaliza vilikuwa vimelala safu moja kama watoto wa chekechea mchana. Nimejiona mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha nikatoka. Ah, mji huu! Nyumba zimeegemeana kama walevi. Juu ni nyaya, kamba za nguo, vibaraza vya mbao. Maji ya nguo yananidondokea kisogoni. Mawe ya njia yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza kama sabuni. Upana wa njia ni upana wa usukani. Vifundo vya vidole vimeshachubuka, kulia na kushoto. Unapinda, unapinda tena, unakuta ngazi. Unashuka, unaisukuma. Unapanda tena, unakuta ukuta. Nimemwuliza mzee mmoja njia. Akaniambia nikate kushoto pale penye kisima. Kisima kiko wapi? Kilifukiwa kabla hajaoa, akasema, na akaniangalia kama mimi ndiye mzito.

Fundi Kufuli alinionya: kila kona piga kengele, huku watu hawaonani mpaka wagongane. Nikawa napiga. Mara dirisha la juu likafunguka, kikapu kikateremka kwa kamba mpaka usawa wa uso wangu. Ndani yake kisu cha mkate. Aliyekishusha hakuangalia chini, alikuwa anazungumza na mtu wa ndani. Nikabaki nimesimama, mguu mmoja chini. Ndipo akatazama. Mama mtu mzima. Tukatazamana. Akaweka kiganja mdomoni. Kikapu kikapanda polepole, kinagonga ukuta, kisu kinalia humo ndani.

Walikuwa wanaijua kengele yake. Sikuipiga tena. Nimekwenda nikisema "Njia! Njia!" kama mchuuzi.

Nimerudisha vichache tu, vya majumbani. Wanavipokea kwa mikono miwili.

Chai na mkate, dirishani, mbele ya ukuta. Nyumbani kisu changu ndicho kilichokuwa kalenda. Likizo yake ikiisha, anakiacha kinakata kitunguu kama hakipo. Kikianza kuponda nyanya, najua amekaribia kurudi. Sasa kinaponda nyanya.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimerudisha vingi. Nimeanza kuuelewa mji kidogo, kwa pua. Ngozi, halafu mkate, halafu nyama, halafu mafuta ya cherehani. Ukinusa paka, umepotea.

Huku walimwita Cheche! Hakuwahi kuniambia. Mtu aliyekuwa akibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, mtu ambaye mama yangu alimwuliza kama amelala au anafikiri, huku ni Cheche. Na mimi ni Mke wa Cheche. Wananiita hivyo kutoka madirishani, na kila mara nageuka kuangalia ni nani anayeitwa.

Mwuza nyama, pande la mtu, amekipokea kisu chake akakiinua juu kama kombe. Akawatangazia wenzake kuwa Cheche ndiye mwanamume, hata akifa analeta kazi. Wenzake wakamwambia ashike adabu, mbele ya mjane! Akaona haya mpaka masikioni. Mimi nilicheka. Nilicheka kweli, mpaka nikashika meza yake. Nilipotoka nje nikakumbuka kuwa hakuna wa kumsimulia.

Huo ndio ugonjwa wangu siku hizi. Habari ninazo, mwenyewe hayupo.

Kwenye njia ya mafundi cherehani nimefika kwa mzee mmoja mwenye duka lenye mlango wa kijani. Mwembamba, futi ya kamba shingoni, anaongea kama anayehesabiwa maneno. Mkasi wake wa kukatia ni mrefu kama mkono wangu. Alipoona kitambaa kimeviringishwa kwenye makali aliutundika ukutani pale pale, hakuufungua. Nikamwuliza, hutaki kuujaribu, mzee? "Wa Cheche sijaribu," akasema. "Kumjaribu ni kumtukana."

Nimeendesha kutoka pale bila kujua naelekea wapi. Nimezunguka tu. Nimepita chini ya matao, nimepita penye giza mchana, nimepita mtu ananyolewa mlangoni na ndevu zake zinaangukia njia yangu. Nilikuwa nimejaa. Nilimwoa mtu ambaye hajaribiwi—watu husema mwanamke haoi, sawa, lakini mimi ndiye niliyemchagua.

Mtalii amenipiga picha nimekwama kati ya kuta mbili, usukani umekataa. Sasa nitatundikwa sebuleni kwa mtu huko mbali, nimetoa macho.

Binti yetu amepiga simu. Anauliza kama ninakula. Ninakula. Kama ninalala. Nikamwambia ninalala upande wangu. Akasema salio linaisha.

Alhamisi, 6 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilikuwa sokoni, nimebakiwa na visu vichache vya kijani. Nimeinama nyuma ya magunia naegesha baiskeli, na upande wa pili wa magunia kina mama wanazungumza. Sikuwa najificha. Mmoja anasema Cheche siku za mwisho mkono ulikuwa umekwisha. Kisu alichorudishiwa huyu mama hakikati hata maneno. Mwingine anasema mwuza nyama amechekwa na wenzake tangu asubuhi, anakereza nyama kama anakata kamba. Na mzee wa mlango wa kijani, yeye ndiye hasa: amekata kitambaa cha bibi harusi, mkasi ukakitafuna, hakuna tena cha kukifanyia. Wakasema mtu akijua mkono umekwisha aseme, si kurudisha kitu butu na kufunga kitambaa juu yake. Hapo mmoja akawaambia wamwache marehemu apumzike.

"Marehemu simsemi," yule wa kwanza akajibu. "Nasema kisu."

Nimeisukuma baiskeli mpaka kwa Fundi Kufuli. Sikuweza kupanda. Nimemweleza yote, nikamwambia ni uongo, hakuwa na mkono uliokwisha, nusu mwaka uliopita alinoa visu vyangu vyote uani na mkono ule ule. Alikuwa anasikiliza, huku amechukua kisu kimoja sandukuni anakigeuza. Akauliza nani alifunga kitambaa hiki. Nikasema mimi. Vyote? Vyote.

Akakaa chini.

Kitambaa kikiwa mpinini, kisu hakijanolewa. Kikiviringishwa kwenye makali, kiko tayari. Ndivyo alivyofanya kazi tangu siku ya kwanza, na mji mzima unajua, mpaka watoto. Mteja haulizi, anaangalia kitambaa kiko wapi. Fundi Kufuli hakuwaza kunieleza. Nani huelezwa kuwa maji yanalowesha? Alipiga paji lake la uso kwa kiganja, mara kadhaa, mimi ndiye niliyemwambia aache.

Kwa hiyo nimezunguka mji mzima kwenye baiskeli yake nikiwaambia watu kwa niaba yake: hiki tayari, hiki tayari, hiki tayari. Fundo langu la jikoni. Nilidhani nawalinda watu wasikatwe.

Miaka na miaka ya kazi. Nimeifuta kwa siku mbili, tena kwa usafi wangu.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua. Kuta zinatoka jasho.

Nimepita kwao wote kuwaambia. Mlango kwa mlango, kanga kichwani, maji yanaingia viatuni. Ni mimi, si yeye. Vilikuwa havijanolewa, nimevifunga mimi, sikujua.

Hawaniamini! Hilo sikulitegemea. Ningetukanwa ningestahimili. Wananionea huruma. Mwuza nyama alinivutia kiti, akasema kwa upole mama usijisumbue, sote mikono itakwisha. Yule mama wa sokoni, aliyesema “Nasema kisu,” akanikumbatia, akanipa kitunguu. Kitunguu! Na mzee wa mlango wa kijani alinisikiliza mpaka mwisho huku anakunja kile kitambaa cha bibi harusi, ukingo wake umechanikachanika kama umeliwa na panya.

"Ndivyo mke mwema anavyosema," akasema.

Akarudi kwenye cherehani yake.

Fundi Kufuli ana wazo. Ng'ambo ya daraja yuko mnoaji mwingine, ana mashine ya umeme, asubuhi moja tu atavimaliza vyote. Najua. Na mchana wake atakuwa anawaambia wateja kuwa amemalizia kazi iliyomshinda Cheche. Nikamwambia hapana. Basi nani, shemeji?

Binti anasema niache, nirudi nyumbani, watu watasahau. Ni kweli. Lakini watamkumbuka vibaya kwanza, ndipo wasahau. Hiyo ya kusahau najua inakuja, hakuna wa kuizuia. Hiyo ya kwanza siitaki.

Namfikiria uani. Kila likizo alikaa na kinoo cha mkono, mimi mkabala wake nachambua mboga. Alikuwa anasema usitazame, sikiliza. Jiwe likinong'ona, uko sawa. Likipiga kelele, umekisimamisha kisu mno. Kuna mwaka alinipa mpini nijaribu, nikawa napiga kelele tu, akacheka mpaka akapata kwikwi. Kidole gumba chake cha kulia hakikuwa na mistari, kililika kwa kupima makali. Tulipokwenda kuchukua vitambulisho mashine ikamkataa. Yule karani akamwuliza, wewe mzee ni mtu kweli? Akajibu, mwulize mke wangu. Wakatumia cha kushoto.

Wasiponiamini maneno, basi wakiamini kisu. Wameahidiwa makali. Yatoke kwenye jiwe lake.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua imekatika. Fundi Kufuli ameiinua baiskeli juu ya stendi pale pale ilipokuwa ikikaa. Tumefunga mkanda. Kuna kopo dogo lenye tundu, linadondosha maji juu ya jiwe; bila hayo chuma kinaungua. Nikapanda kwenye tandiko. Kiwanja kizima kiligeuka. Mwanamke, umri huu, anapiga pedali na haendi popote!

Nimeanza na kisu chake mwenyewe cha mkate, kilichokuwa chumbani, ili nikiharibu niwe nimeharibu changu. Nimeharibu. Maji yaliisha kopoini sikuona, ncha ikageuka rangi ya bluu. Fundi Kufuli akakiangalia, akasema hiki sasa ni kijiko, shemeji. Wanaume watatu wakajitokeza kunifundisha kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunoa. Mmoja alitaka nipige pedali kinyumenyume.

Nikawaomba wanyamaze. Nikafumba macho. Kelele. Kelele. Nikalaza mkono kidogo. Kelele. Nikaulaza tena—na lile jiwe likashusha sauti, kama mtu aliyegundua kuwa mgonjwa amelala.

Sijui niandikeje. Miezi hii yote sijasikia chochote chake. Picha anaonekana, haisemi. Nguo zina harufu, hazisemi. Nikaendelea kukanyaga mpaka mapaja yakawaka, kwa sababu nikiacha sauti inaondoka.

Yule mama wa sokoni amekuja na kisu chake. Alisimama pembeni, mikono kwapani. Nilipompa alikijaribu kwenye ukucha, kikashika. Akaondoka, akarudi na kisu cha jirani yake, akakiweka mbele yangu bila neno. Sijawahi kusifiwa hivyo.

Mwuza nyama si mnyamavu. Akakata karatasi, akasema bado kidogo. Nikarudia. Bado kidogo. Nikarudia tena, jasho linaniingia machoni. Akakata, akafikiri, akasema kwa mifupa kinafaa. Akanunua soda akaniletea. Nikamwambia sasa aniamini kuwa ni mimi niliyefunga vile vitambaa. Akasema mama, ukijua kunoa hivi, mbona ulirudisha butu? Akaenda zake, sijui ameamini nini.

Mzee wa mlango wa kijani hakuja. Anakaa njia ya pili tu, anatuona. Nilipopita jioni na baiskeli alikuwa amezima taa ya dukani, amekaa ndani bila kazi. Bibi harusi ni wa wiki ijayo. Wanasema amekataa kugusa kitambaa kingine.

Kidole gumba changu kimechubuka. Nimekifunga.

Jumapili, 9 Juni

Naandika kiwanjani, juu ya kifuniko cha sanduku, kwa sababu nikishika kalamu natulia kidogo.

Mdogo wake amefika mapema, ameegesha pikapu nje ya lango la mji, haiwezi kuingia. Amekuja kwa miguu akilalamika, amepotea mara mbili, ameelekezwa kwenye kisima. Ameshateremsha godoro na mfuko wa nguo kwa msaada wa mwenye nyumba. Baiskeli tu ndiyo iliyobaki, akasema, na wewe. Ameenda kupanga mzigo. Nikamwambia nakuja.

Nilikuwa nafungua mkanda nilipomwona yule mzee wa mlango wa kijani anakuja, gazeti kwapani. Hatembei haraka. Nilimwamkia. Aliitikia vizuri, akauliza nimeamkaje, akaangalia baiskeli, akaangalia kidole changu kilichofungwa. Kisha akaanza kuongea, na kwa mtu yule yalikuwa mengi. Alisema amefikiri sana. Kuna siku, zamani, alimsihi Cheche ampe mkasi upesi, wateja wamejaa, hata kama haujawa sawa. Cheche alikataa. Aliurudisha sandukuni, kitambaa mpinini, akamwambia aje kesho. Waligombana, hawakusalimiana mwezi mzima. Sasa mtu wa namna hiyo, akasema, anaanzaje kudanganya mwishoni?

Akalifungua gazeti, mkasi wake umo ndani.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, baba."

"Basi malizia."

Mkasi si kisu. Makali mawili, na lazima yakutane kutoka mwanzo mpaka ncha, yakiachana nafasi ya unywele unatafuna. Fundi Kufuli alifungua skrubu, akatenganisha. Nikarudisha mkanda. Nimenoa upande wa kwanza macho yamefumbwa. Upande wa pili ulinong'ona, ukanong'ona, halafu karibu na ncha ukapiga kelele mara moja. Mara moja tu. Sijui nimefanya nini pale. Nimepitisha kidole sikuona kitu, lakini kidole changu bado kina mistari yote, hakijui.

Nilimwambia. Nikasema karibu na ncha, baba, sina uhakika. Aliitikia kwa kichwa kama aliyesikia, akamwachia Fundi Kufuli afunge skrubu, akaondoka kuelekea dukani kwake kuleta kitu cha kujaribia.

Simu inatetemeka juu ya sanduku. Mdogo wake tena. Amezuia gari la mtu, watu wanampigia honi. Fundi Kufuli anasema niache ilie, jamaa amechelewa miaka mingi kuuona mji huu, dakika kumi hazitamuua. Mwenye nyumba naye amekuja, amesimama kivulini na ule ufunguo mkononi. Mwuza nyama ametoka na aproni yake. Mkasi uko mapajani mwangu, una uzito wa mtoto mchanga.

Namwona anarudi. Nilitegemea kipande, tambara. Amebeba jora zima begani, jeupe, bado lina karatasi yake. Fundi Kufuli anasukuma pembeni funguo zilizo juu ya meza ya kibanda chake. Mzee anatandaza kitambaa juu ya meza, kinafika mwisho, kinaning'inia. Anatoa chaki mfukoni. Anapiga mstari mmoja mrefu kutoka upindo mpaka upindo, anaupuliza, na sasa amenyoosha mkono nyuma bila kunitazama, kiganja wazi, anaungoja mkasi—